Tuliuona Mzani, Tukanyamaza



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya mtu na mafanikio yake. Tumeona tuanze na jambo la aibu kidogo, maana lilitokea hapa hapa kwetu na wengi wenu mnalijua.

Msimu uliopita mwenzetu mmoja, mama aliyemaliza kisomo pamoja nasi, alipeleka pamba yake kuuza. Furushi likapandishwa kwenye mzani. Mshale ukasimama kwenye kilo 86. Mama aliusoma. Sisi wawili tuliokuwa nyuma yake kwenye foleni tuliusoma pia. Karani akaandika kwenye stakabadhi kilo 68. Mama akaipokea, akaisoma, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka. Na sisi tukanyamaza.

Kilo 18 zimekwenda hivyo hivyo! Kama karani alikosea au alikusudia, hilo siyo neno letu leo. Neno letu ni hili: kwa nini watu watatu wanaojua kusoma walinyamaza?

Jioni tulimfuata mama nyumbani kwake. Hakugomba. Alisema, "Jamani, nilidhani mimi ndiye niliyesoma vibaya. Mimi na karani, nani anajua?" Na sisi tulikuwa tumewaza vile vile, kila mmoja peke yake, kimya kimya.

Basi hebu tulitazame jambo hili. Kila mtu anayo picha yake mwenyewe moyoni. Ndiyo inayomwambia: hili naliweza, lile siyo la watu kama mimi. Picha hiyo hatukuzaliwa nayo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Charles Cooley, aliandika mwaka 1902 kwamba mtu hujiona kama anayejitazama kwenye kioo, na kioo chenyewe ni watu wengine. Tena angalieni vizuri: hatujioni vile watu wanavyotuona. Tunajiona vile tunavyodhani wanatuona. Karani hakumwambia mama kwamba hajui kusoma. Mama alijiambia mwenyewe kwa niaba ya karani.

Na vioo vyetu vilikuwa vya namna gani? Wengi wetu tumetia dole gumba miaka na miaka mbele ya watu. Wino ule ulitoka kwa sabuni siku ile ile, lakini yale macho ya waliokuwa wakitutazama tumeondoka nayo mpaka leo. Hata kampeni za kisomo, zilizotusaidia sana, zilikuwa na neno lake: kufuta ujinga. Mwaka 1967, hapa Tanzania, kiasi cha watu wazima 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Wote hao waliitwa wajinga. Sasa kwa Kiswahili mjinga ni mtu asiyejua jambo kwa kuwa hajafundishwa. Asiye na akili ana neno lake jingine. Lakini mtu mzima akiitwa mjinga mbele ya wanawe, sikio lake halichagui maneno. Amejifunza kusoma, amepata cheti, na ile picha ya zamani bado imening'inia pale pale ukutani.

Je, picha hiyo hubadilishwaje? Wako wanaosema, jiambie kila asubuhi "mimi naweza, mimi naweza". Sisi hatuna imani kubwa na dawa hiyo. Tuwaeleze habari ya nyoka.

Alikuwako mtaalamu wa mambo ya nafsi aliyeitwa Albert Bandura. Alizaliwa mwaka 1925 katika mji mdogo wa Mundare huko Kanada, mahali pa wakulima, akafariki mwaka 2021. Mwaka 1969, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, yeye na wenzake walichukua watu wanaoogopa nyoka kupita kiasi. Kwetu kumwogopa nyoka ni akili, lakini huyu alikuwa hana sumu, na bado hawakuweza kumsogelea. Baadhi yao walionyeshwa sinema ya watu wanaocheza na nyoka. Wengine walikaa wametulia, wakajaribu kumwaza tu. Kundi jingine lilifanyiwa hivi: mfundishaji alimshika nyoka mbele yao, wakamtazama. Kisha yeye akashika kichwa na mkia, nao wakagusa katikati, kwanza wakiwa wamevaa glavu, halafu kwa mikono mitupu. Kidogo kidogo, mpaka mtu akamshika peke yake.

Sinema ilisaidia. Kuwaza kulisaidia. Lakini waliogusa kwa mikono yao ndio waliopona zaidi, karibu wote. Mwaka 1977 Bandura aliandika kwamba mtu huanza kuamini kuwa jambo analiweza, zaidi ya yote, kwa kulifanya na kuliona limefanyika. Kumwona mwenzako wa hali yako akilifanya husaidia pia. Maneno ya kutiwa moyo yana kazi yake, ila ni ndogo zaidi. Tena alisema mwili nao unatudanganya: moyo ukidunda na jasho likitoka, mtu husema, "Mnaona? Siwezi." Kumbe ni moyo tu unadunda.

Tuliposoma habari hiyo tukasema, kumbe nyoka wetu ni karani!

Tukaazima mzani wa kuning'iniza kwa mwenye duka. Jioni tatu tulipima mahindi, mawe, hata mbuzi, naye alitupa taabu. Kila mtu alisoma kwa sauti, akaandika, mwenzake akahakikisha. Halafu mmoja wetu akajifanya karani, akawa anaandika makosa makusudi. Mkulima alitakiwa kusema maneno haya tu: "Ndugu karani, naomba tuusome mzani tena pamoja." Maneno machache, siyo? Lakini watu walicheka, wakakauka midomo. Baba mmoja ambaye nyumbani kwake sauti inasikika mpaka barabarani, alishindwa kabisa. Mama yetu alishindwa jioni ya kwanza na ya pili. Ya tatu akayasema, akiwa ametazama chini.

Msimu huu alikwenda tena kuuza. Karani akaandika, mama akasema maneno yake. Karani alikunja uso, wakasoma pamoja, na hesabu ilikuwa sawasawa. Mama anasema jasho lilimtiririka mgongoni kama anapanda mlima. Lakini alicheka njia nzima ya kurudi. Mmoja wetu naye aliuliza, akarudishiwa kilo 4. Yule baba hakuuliza. Hatumcheki, maana na sisi tumewahi kunyamaza.

Ila tusidanganyane. Mzani ukiwa umechezewa, kujiamini hakuongezi hata nusu kilo. Ndiyo maana mizani ya biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, na mtu ana haki ya kuuliza alama ya ukaguzi. Bei ikiwa chini, iko chini. Siyo umaskini wetu wote uliomo vichwani mwetu, na anayetuambia hivyo anataka tujilaumu huku yeye akihesabu fedha. Tunachosema ni kwamba zile kilo 18 hazikuhitaji bei mpya wala serikali. Zilihitaji mtu mmoja afungue mdomo, na tulikuwapo watatu.

Mzani tumeuazima tena. Tutautundika kwenye mwembe wa shule siku ya Alhamisi, watu wakitoka shamba. Kila mmoja aje na stakabadhi zake za mwaka huu, hata zile alizozikunja bila kuzisoma. Karani wa siku hiyo atakuwa mama mwenyewe, na ametuahidi kwamba atakuwa mkali.