Sanduku la Kufuli Tatu: Undugu Ndio Mzizi wa Chama

(Haya ni maneno yaliyosemwa na kamati ya elimu mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamechapwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamu siku hiyo.)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya undugu katika chama kabla mkutano haujapiga kura juu ya mfuko wa kufaana. Hatukuja na maneno matamu. Sisi sote twaandika neno "Ndugu" juu ya kila barua, lakini undugu si neno la kupambia barua. Undugu ni kazi, nayo ina hesabu yake, na twataka kuwaeleza jinsi wafanya kazi waliotutangulia walivyoifanya hesabu hiyo.

Kwanza tutazame hali yetu wenyewe. Mwenzetu akifiwa, tunapitisha kofia. Akiwa ni mtu wa marafiki wengi, kofia inajaa. Akiwa ni mfagiaji asiyesema sana, au mgeni aliyeandikwa kazi mwezi uliopita, kofia inarudi na sarafu chache zinazolia ndani yake. Msiba ni ule ule, na bei ya jeneza ni ile ile. Tena tutazame ada. Ikisikika fununu ya mgomo, watu hupanga foleni mbele ya mweka hazina. Mapatano yakitiwa sahihi, wengi hawaonekani tena mpaka ugomvi mwingine. Chama cha namna hiyo ni mwavuli, hukumbukwa mvua ikinyesha, na siku hiyo huenda ukakutwa umetoboka.

Basi twende Uingereza ya zamani, maana huko ndiko vyama vya wafanya kazi vilikoanza kwa sanduku la mazishi.

Miaka mia mbili na zaidi iliyopita, mfanya kazi wa Uingereza hakuwa na bima wala malipo ya uzeeni. Akiugua, mshahara ulikatika siku ile ile. Akifa maskini, alizikwa na serikali ya mtaa kama mtu asiye na wenyewe, na hiyo ilikuwa aibu kubwa kwa mke na watoto. Kwa hiyo watu wa kazi walianza vyama vya kufaana. Kila mtu alitoa peni chache kwa wiki au kwa mwezi. Akiugua alipewa fedha za kila wiki, na akifa alizikwa kwa heshima, wenzake wakifuata jeneza. Vingine vilikua vikawa vikubwa sana, kama kile cha Oddfellows wa Manchester kilichoundwa mwaka 1810.

Fedha zilikaa katika sanduku. Vyama vingi vilitia kufuli tatu katika sanduku hilo, na funguo tatu zikashikwa na watu watatu mbalimbali. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, awe mwenyekiti, awe mzee wa kanisa. Hawakufanya hivyo kwa kuwa walidhaniana wezi. Walijua kwamba mtu mwema naye hupatwa na shida ya usiku, na kufuli tatu humlinda yeye pamoja na fedha za wenzake.

Walikuwa na kanuni, nazo zilisomwa mbele ya watu. Aliyekuja mkutanoni amelewa alitozwa faini. Aliyemtukana mwenzake alitozwa faini. Wajumbe walimtembelea mgonjwa, wakampelekea fedha zake mkononi, na pia wakatazama kama kweli anaumwa.

Hatusemi kwamba vyote vilikuwa vizuri. Vingi vilivunjika. Vingine vilitoza ada ndogo mno na kuahidi makubwa, na wanachama walipozeeka wakaanza kuugua kwa pamoja, sanduku likawa tupu. Vingine viliibiwa na watunzaji wao. Vingi pia viliwafungia wanawake mlango, mpaka wanawake wakaunda vyao. Makosa hayo yote tunaweza kuyarudia hapa tusipoangalia.

Sasa, ndugu, sikilizeni jinsi sanduku hilo lilivyokuwa chama cha kudai mshahara. Sheria za mwaka 1799 na 1800 zilikataza wafanya kazi kuungana ili kudai malipo. Lakini sheria ya mwaka 1793 ilikuwa imeruhusu vyama vya kuuguzana na kuzikana. Basi watu wakatumia akili. Mlango wa mbele ulisema "mazishi", na chumba cha nyuma kikazungumza juu ya mshahara. Hata zile sheria za kukataza zilipofutwa mwaka 1824, tabia ilibaki: wanaozikana ndio wanaodai pamoja.

Katika kijiji cha Tolpuddle, wilaya ya Dorset, vibarua wa mashamba walikuwa wakipata shilingi 9 kwa wiki. Matajiri wakazipunguza hadi 8, kisha 7, na wakatishia kuzifanya 6. Mwaka 1833 vibarua hao waliunda chama cha kufaana cha watu wa mashamba. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa kibarua na tena mhubiri wa Kimethodisti. Mwanachama mpya alifungwa macho, akaapa kutotoa siri.

Tarehe 24 Februari 1834 wanaume 6 walikamatwa. Kuungana hakukuwa kosa tena, kwa hiyo wakubwa walitafuta sheria nyingine, wakaipata ya mwaka 1797, iliyotungwa kwa sababu ya maasi ya mabaharia wa kivita, ikikataza viapo vya siri. Kwa kiapo hicho walihukumiwa miaka 7 ng'ambo, wakapelekwa Australia kama wahalifu. Sisi wa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana. Twajua baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952 neno "kiapo" lilitosha kumtia mtu kizuizini.

Wake na watoto waliobaki Tolpuddle walinyimwa msaada ambao serikali ya mtaa iliwapa maskini, ili iwe fundisho kwa wengine. Ndipo wafanya kazi wa nchi nzima wakachanga. Tarehe 21 Aprili 1834 makumi ya maelfu waliandamana London wakiwatetea. Kamati ikaundwa, ikakusanya peni kwa peni, ikawalisha wale wake na watoto. Mwezi Machi 1836 serikali ilitoa msamaha kamili, na kati ya 1837 na 1839 wote walirudi. Mwaka 1934, miaka 100 ilipotimia, shirikisho la vyama vya wafanya kazi la Uingereza lilijenga pale nyumba 6 kwa ajili ya watu wa mashamba waliostaafu.

Tuchukue fundisho gani? Kiapo kiliwaponza, peni ziliwaokoa. Kufungwa macho gizani hakukumlisha mtoto wa mtu yeyote. Kilichomlisha ni mchango wa watu ambao hawakumjua baba yake kwa sura.

Mfano wa pili unatoka Tredegar, mji wa makaa ya mawe na chuma katika nchi ya Wales. Mwaka 1890 wafanya kazi wa huko waliunda chama cha matibabu. Kila mmoja alikatwa peni 3 katika kila pauni ya mshahara. Pauni ya siku hizo ilikuwa na peni 240, kwa hiyo ni kama kutoa senti moja na robo katika kila shilingi. Kwa fedha hizo chama kiliajiri madaktari wake chenyewe, kikanunua dawa, kikatibu na jamaa za wanachama. Baada ya miaka kadhaa karibu mji wote ulikuwa ukitibiwa na chama hicho.

Kijana mmoja wa mji huo, Aneurin Bevan, aliingia kuchimba makaa akiwa na umri wa miaka 13. Alipokua alikuwa mtu wa chama cha wachimbaji, akakaa pia katika kamati ya hospitali ya mji huo. Mwaka 1945 akawa Waziri wa Afya wa Uingereza, na tarehe 5 Julai 1948 akafungua huduma ya afya ya taifa zima, bila malipo mlangoni. Waingereza wengi hujivunia huduma hiyo. Lakini mfano wake mmoja ulikuwa sanduku la wachimba makaa, waliotoa peni zao bila kungoja waziri.

Turudi nyumbani. Hapa kwetu kufaana si jambo la kuletwa na meli. Zamani zote watu wamelimiana, wamejengeana, wamezikana. Wafanya kazi walipokuja mijini walianzisha vyama vya watu wa nyumbani, kama Luo Union na Abaluhya Association. Vilisafirisha maiti mpaka kwao, vikapokea vijana wageni, vikachangia karo. Twaviheshimu kwa kazi hiyo. Lakini mlango wa vyama hivyo ulikuwa wa kabila moja moja, na mwaka 1980 serikali iliamuru vyama vya kikabila vivunjwe. Mashine ya kiwandani haiulizi mkono unatoka wilaya gani kabla ya kuukata. Kama mashine haichagui, yafaa sanduku letu nalo lisichague.

Na tusidhani jambo hilo haliwezekani. Mwezi Januari 1947, wafanya kazi wapatao 15,000 waligoma Mombasa kwa karibu wiki mbili: watu wa bandari, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, watu wa bara na wa pwani pamoja. Ndipo likazaliwa shirikisho la African Workers' Federation. Mwezi Agosti mwaka huo kiongozi wake, Chege Kibachia, alikamatwa, akapelekwa mbali na wafanya kazi wake kwa miaka mingi, na shirikisho likadhoofika. Umoja uliwaka kama moto wa makuti, mkubwa na mwekundu. Moto wa makuti wataka kuni nzito chini yake, na kuni hizo ni ada na kazi za kila mwezi.

Wengine watasema: kuna NSSF iliyoundwa mwaka 1965, na kulikuwa na bima ya hospitali tangu 1966 ambayo mwaka 2024 ilipisha bima mpya ya afya ya jamii. Mfuko wetu ni wa nini tena? Twajibu kwamba hizo ni haki zetu, na lazima tuzidai zikichelewa. Lakini karatasi ya serikali haiji kukaa matangani. Haimwelezi mjane ni fomu gani ajaze na ni ofisi gani aende. Haimwendei mgonjwa nyumbani siku ya tatu kumuuliza, "Ndugu, watoto wamekula nini?"

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kamati yaleta mambo matano mbele ya mkutano:

1. Kila mwanachama atoe kiasi kimoja kila mwezi, kiwe kidogo ambacho hata mwenye mshahara wa chini ataweza, nacho kikubaliwe na mkutano.

2. Msaada wa msiba uwe sawa kwa wote, karani na mfagiaji, mwanamume na mwanamke, wa zamani na mpya aliyekwisha kulipa miezi inayotakiwa.

3. Fedha zikae benki, zisitolewe bila sahihi tatu. Hizo ndizo kufuli zetu tatu. Hesabu isomwe kila baada ya miezi mitatu na kubandikwa ukutani.

4. Wajumbe wawili wachaguliwe katika kila idara kuwatembelea wagonjwa na kuwasaidia wafiwa katika madai yao.

5. Tusiahidi zaidi ya tulicho nacho. Ahadi kubwa na ada ndogo ndizo zilizoua masanduku mengi.

Mkikubali, siku ya ugomvi na tajiri ikija hatutahitaji kuulizana nani ni nani. Mtu uliyembebea jeneza la mama yake hutamkuta akiingia kazini kwa mlango wa nyuma wakati wenzake wamesimama nje. Mkikataa, kofia itaendelea kupita, na kila mmoja wetu ajiulize siku yake ikifika itarudi na uzito gani.

Haba na haba hujaza kibaba. Kibaba ni chetu, na kura ni yenu.