Vijidudu vya Magadi na Nguo ya Pamba

Leo tunaingia kiwandani, tena upande ambao wageni hawapelekwi: chumba chenye mvuke na matangi, ambako nguo ya pamba husafishwa kabla ya kutiwa rangi. Nitakueleza wafanyakazi wake wasioonekana kwa macho, kisha nitakueleza kwa nini historia yao inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki zaidi ya tunavyodhani.

Tuanze na wanga. Uzi wa mtande, ule unaonyooka kwa urefu wa nguo, haupandi kwenye mashine ya kufumia hivi hivi. Hupitishwa kwanza kwenye uji wa wanga ili upate nguvu, maana mashine inauvuta na kuusugua mpaka uzi mkavu usio na kinga unakatika. Nguo ikishafumwa, wanga uleule unakuwa kero. Unaziba nyuzi, rangi inashika hapa na kukataa pale. Lazima utoke.

Nguo ya merikani iliyovaliwa na babu zetu ilifika pwani na wanga wake mwilini. Mnamo Septemba 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na meli za Salem, Massachusetts, zikazidi kuleta Unguja nguo ya pamba isiyopaushwa, zenyewe zikirudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kutoka Unguja majora yale yalivuka kwenda Bagamoyo, yakabebwa vichwani kwenda bara. Mwaka huohuo wa 1833, huko Paris, wakemia wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz, walitenga kutoka kwenye kimea cha shayiri kitu kinachovunja wanga na kuugeuza sukari. Hicho ndicho kimeng'enya cha kwanza kutengwa na wanasayansi.

Nasema kutengwa, maana kukitumia bibi zetu walikuwa wakikitumia zamani. Anayepika togwa anajua: uji mzito ukipoa ukawa vuguvugu, ukitiwa kimea cha ulezi au mtama, baada ya muda unalegea na kuwa mtamu. Na anajua kwamba akikitia kimea uji ukiwa bado unatokota, hakuna kitakacholegea. Hiyo ndiyo elimu yote ya vimeng'enya kwa ufupi. Ni vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai, kila kimoja kina kazi yake moja, na joto likizidi kinaharibika.

Viwanda vya Ulaya vilichukua kimea cha shayiri na kukitumia kuondoa wanga kwenye nguo. Kabla ya hapo nguo ilitiwa kwenye tindikali, ambayo hula wanga na kula pamba pia, au ililowekwa kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha mpaka vijidudu vya hewani viote vyenyewe na kula wanga ule. Vikikawia kutolewa, vinaanza na nguo. Mwaka 1917 Auguste Boidin na Jean Effront walionyesha njia ya kupata kimeng'enya cha wanga kutoka kwa bakteria wa jamii ya Bacillus, kinachostahimili joto kuliko kile cha kimea. Tangu hapo bakteria wakawa na kazi ya kudumu kiwandani. Na kipimo cha kujua kama wanga umekwisha ni kilekile anachokifahamu mwanafunzi wa biolojia pale Sekondari ya Kibaha: tone la ayodini juu ya nguo. Likigeuka bluu iliyoiva, nguo inarudi tangini.

Wanga ukitoka, bado kuna nta na pektini ambazo pamba imezaliwa nazo, na ndizo zinazofanya maji yateleze juu ya uzi mbichi. Kwa miaka mingi dawa yake imekuwa kuchemsha nguo kwa magadi makali ya kiwandani, katika joto la kukaribia mchemko, kisha kuisuuza mara nyingi. Maji yale yote yanakwenda mtoni, na gharama ya kuni, makaa au mafuta haisemeki. Siku hizi kipo kimeng'enya kinachovunja pektini katika joto la nyuzi 60 hivi. Kipo kingine, katalesi, kinachomaliza dawa ya kupaushia iliyobaki kwenye nguo, maana hiyo ikikutana na rangi huiharibu na nguo hutoka na mabaka. Kimeng'enya hicho kinaokoa maji ya kusuuza. Kwa mji unaogombania maji na kiwanda, hilo si jambo dogo.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1902 Wajerumani walianza kuwalazimisha watu wa Uzaramo, wakiwemo wa Kisarawe ya leo, kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya majumbe. Pamba ilikwenda Ulaya, na uchungu wa kazi ile ulikuwa moja ya mambo yaliyolisha Vita vya Majimaji mwaka 1905. Ilipofika 1968, Mwalimu Nyerere akafungua Kiwanda cha Nguo cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa mkopo wa China. Pamba iliingia kwa mlango mmoja, khanga na vitenge vikatoka kwa mwingine. Ilikuwa fahari ya kweli, na naitaja bila kigugumizi.

Lakini sehemu ya historia hii inayonigusa zaidi iko Kenya, katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa. Wengi huyajua maziwa ya Nakuru na Bogoria kwa flamingo. Maji yake ni makali kiasi kwamba samaki wa kawaida hawaishi humo, lakini bakteria wanaishi, na vimeng'enya vyao vimezoea magadi. Fikiria sabuni ya unga: nayo ina magadi. Kimeng'enya cha kawaida kikiingia humo kinaharibika. Kilichotoka ziwani kinafanya kazi.

Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichukua sampuli za matope na maji katika maziwa hayo. Kampuni ya Genencor ya Marekani ikatoa humo vimeng'enya vinavyokata nyuzinyuzi za pamba. Kimoja kiliingia kwenye sabuni, ili kinyoe manyoya yanayofubaza nguo iliyofuliwa mara nyingi. Kingine kiliingia kwenye jinzi. Rangi ya jinzi hukaa juu ya uzi, haifiki ndani, kwa hiyo kimeng'enya kikiguguna nyuzinyuzi za juu kidogo tu, rangi inalegea na nguo inapauka. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mawe mepesi ya volkano, yaliyotiwa kwenye mashine pamoja na suruali na kuzichakaza zote mbili, suruali na mashine.

Mei 1992, mwaka uleule, mataifa yalikutana Nairobi na kukubaliana maandishi ya Mkataba wa Bayoanuwai, unaosema kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake na inastahili mgao wa faida yake. Ulianza kufanya kazi Desemba 1993. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza na kudai mgao kwa Genencor, likisema vijidudu vile vilitoka kwenye hifadhi zake bila idhini yake. Kampuni ilishikilia kwamba sampuli zilipatikana kihalali. Mimi naona Kenya ilikuwa na haki ya kuuliza. Na kuuliza kulizaa kitu: mwaka 2007 Novozymes, kampuni ya Denmark, ilitia saini mkataba na shirika hilo, wenye malipo kwa kimeng'enya kilichotoka ziwani Kenya na mafunzo kwa wataalamu wa huko.

Hapa ndipo ninapowageukia ninyi wa Kibaha. Katika eneo la viwanda la TAMCO kuna kiwanda cha Shirika la Maendeleo la Taifa, kilichojengwa kwa teknolojia ya Labiofam ya Cuba na kufunguliwa mwaka 2015. Kinatengeneza viuadudu vya kuua viluwiluwi vya mbu, na mbegu yake ni bakteria wa jamii ya Bacillus, ukoo uleule uliowapa Boidin na Effront kimeng'enya chao. Sisemi kuua viluwiluwi na kusafisha nguo ni kazi moja. Kwa mbu anahitajika bakteria mwenyewe na sumu yake. Kwa nguo kinahitajika kile anachokitoa mwilini, kikachujwa. Lakini ustadi wa kulea ni mmoja: tangi lisafishwe lisibaki kijidudu mgeni, chakula kipimwe, hewa ipulizwe, joto lishikiliwe usiku na mchana. Vijana wa Kibaha wanaufanya ustadi huo, wakati Dar es Salaam na Morogoro kuna viwanda vya nguo, na sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga bado inasafirishwa nje ikiwa haijasokotwa hata uzi. Wanaopanga bajeti ya utafiti wa nchi hii waanzie pale TAMCO, na pale Natron ambako tuna ziwa letu la magadi.