Tangi la Maji na Hesabu ya Maumbo Yanayofanana



Nimeombwa niseme machache juu ya pendekezo lililo mbele yetu, yaani kuwajengea vijana tangi jipya kwa kuzidisha mara mbili vipimo vyote vya mnara na tangi la zamani. Nitajibu kwa hesabu tuliyofundishwa humu humu: pembetatu zinazofanana.

Leo asubuhi nilisimamisha fimbo ya mita 1. Kivuli chake kilikuwa mita 1.5. Wakati huo huo kivuli cha mnara kilikuwa mita 7.5. Miali ya jua huangukia vyote viwili kwa pembe moja, hivyo pembetatu zile mbili zinafanana, na moja ni kubwa mara 5 kuliko nyingine. Basi mnara una mita 5, na hakuna aliyepanda ngazi.

Umbo likikuzwa, pembe hazibadiliki, na kila urefu huzidishwa kwa namba ile ile. Lakini, ndugu zangu, eneo na ujazo vina hesabu yao. Urefu ukizidishwa kwa 2, eneo huwa mara 4, na ujazo mara 8. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu kilichotoka mwaka 1638: mnyama akiwa mkubwa zaidi, mifupa yake haina budi kunenepa kupita uwiano wa urefu wake.

Tangi letu lina mita 2 kila upande; likijaa, maji yana uzito wa tani 8. Nguzo nne za mbao, kila moja sentimita 10 kwa 10, zina jumla ya sentimita za mraba 400. Kila sentimita ya mraba hubeba kilo 20. Tangi jipya litabeba tani 64. Nguzo za sentimita 20 kwa 20 zitakuwa na sentimita za mraba 1,600, na kila moja itabeba kilo 40. Mbao ni zile zile, mzigo umekuwa maradufu, na chini yake watoto wamepanga foleni na ndoo.

Kwa hiyo naomba tusilikuze tangi. Tukitaka maji mara mbili, tujenge la pili lenye vipimo vya lile la kwanza, juu ya nguzo zake lenyewe. Na kama tunataka tani 64, tumwite mhandisi kwanza.