Haki ya Kiumbe Avukaye Njia

Himda zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Enyi Waislamu, Kur'ani Tukufu ina sura iliyopewa jina la mdudu chungu. Humo imo habari ya Nabii Suleiman (A.S.) alipofika na majeshi yake katika bonde la wadudu hao. Mmoja wao akawaonya wenziwe waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na jeshi lisilo na habari nao. Suleiman alisikia, akatabasamu, akamwomba Mola wake amjaalie kuwa mwenye kushukuru. Mfalme mwenye nguvu kiasi kile aliisikia sauti ya mdudu aliye njiani!

Twayasema haya hapa Misigiri, mahali panapoishi kwa barabara. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Mwanza na Rwanda hutupitia usiku na mchana, na miongoni mwa vijana wetu wamo madereva na utingo. Waendao Arusha kwa njia ya Singida na Babati hufika Kwakuchinja, baina ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara. Hapo lami imekata mapito ya kale. Wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika kwenye Mto Tarangire, kwa kuwa maji yako huko. Mvua zikinyesha, nyumbu na punda milia hutawanyika kufuata malisho. Ndovu nao huvuka, hasa usiku.

Wala madhara si kugongwa tu. Yuko mnyama asiyegongwa kamwe, lakini kishindo na mwanga wa taa humrudisha nyuma, akayaacha malisho ya ng'ambo kana kwamba pamejengwa ukuta. Mwingine huvutwa na majani mabichi yaotayo kando ya lami, pale maji ya mvua yatiririkapo, na ajali humkuta akila.

Katika hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, barabara kuu ya Iringa na Zambia hupita ndani yake kwa kiasi cha kilomita 50. Mwendo umewekwa kuwa kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Yapo matuta, ipo na faini. Nasi tumepata kupita pale usiku katika basi lililokwenda mbio za kutisha, abiria wakifurahi kwamba watawahi. Tulinyamaza pamoja nao, na kunyamaza kule twakuona leo kuwa kosa letu.

Kuna jambo jingine ambalo watu huulizana kwa kunong'ona: nyama ya mnyama aliyegongwa. Aliyekufa kwa kupigwa ni mzoga, na Suratul Maida imemtaja waziwazi katika vilivyoharamishwa. Akikutwa angali na uhai, akachinjwa kisheria, uchinjaji huo ni sahihi. Lakini je, ni wako? Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyama hao ni mali ya umma. Kumbeba kwenye lori ni khiyana, hata ukimpelekea jirani kitoweo.

Hatusemi barabara zisijengwe. Sayyidna Umar (R.A.) amepokewa akihofu kuulizwa na Mola wake juu ya nyumbu ajikwaaye katika nchi ya Iraki, kwa nini hakumtengenezea njia. Tuangalie vema: barabara ile aliitaka iwe salama hata kwa mnyama. Basi dereva apunguze mwendo apaonapo kibao, na abiria amwambie polepole kabla hajachelewa. Mama naye, mwana anapofunga safari, amkumbushe hilo pamoja na dua.

Twasema haya, na twamwomba Mwenyezi Mungu atughufirie sisi na nyinyi na Waislamu wote. Amin.