Kidonge Kinachokuja Mlango Umeshafungwa

Wasikilizaji wa Kisauni wamekwisha kusikia yaliyosemwa juma hili kwa mnasaba wa Siku ya Kimataifa ya Mgongo Wazi na Kichwa Maji, ambayo huadhimishwa kila tarehe 25 Oktoba, na hapana haja ya kuyarudia. Linalokitia hofu kituo hiki cha redio ni hesabu ya siku. Mrija wa neva, yaani kile kimrija cha kiinitete ambacho baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanashuku kwamba wamekosa hedhi. Ukibaki wazi upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na kidonge cha asidi ya foliki kitakachomezwa mwezi wa 5 wa mimba hakiufungi tena.

Ili kuzuia kasoro hiyo, Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke apate mikrogramu 400 za asidi ya foliki, ambayo ni vitamini B9 ya kutengenezwa, kila siku tangu anapoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Mbaazi na mchicha vina vitamini hiyo kwa asili yake, ila sehemu kubwa humwagwa na maji ya kuchemshia. Kidonge chenye kipimo hichohicho hutolewa kliniki ya wajawazito, na aendaye huko ameshabeba mimba. Siku 28 zimeshapita.

Itasemwa kwamba Kenya sheria ipo. Ipo, tangu 2012, nayo huwalazimu wasagaji kutia asidi ya foliki katika unga wa pakiti, wa mahindi na wa ngano, hivyo hamri la asubuhi huenda likawa na kinga ambayo wali wa mchana hauna. Kwani mchele haumo katika sheria hiyo, kana kwamba Pwani haili wali (kituo hiki kimelalamikia jambo hili mara nyingi, na hakitaona haya kulilalamikia tena), na mahindi yaliyopelekwa kwenye kisiagi cha mtaani hurudi bila kuongezwa kitu.

Mwari husingwa, hutiwa hina, hufukizwa udi na kufunzwa unyumba na somo yake, na katika yote hayo hapana anayemtia kidonge mkononi, ilhali siku 28 zake huenda zikaanza usiku wa harusi.

Basi somo na akiingize kidonge katika mafunzo yake! Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaobisha hodi Mtopanga na Junda na wakitaje kabla ya kuuliza mimba ina miezi mingapi. Mchele na utiwe katika sheria. Kaunti na impe kidonge anayeacha sindano ya kupanga uzazi siku ileile anapoiacha. Na aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi na amwone daktari kabla ya kubeba tena, kwa kuwa yeye huhitaji kipimo kikubwa zaidi, miligramu 4, ambacho utafiti wa Uingereza wa 1991 ulionyesha kwamba huzuia takriban visa 7 kati ya 10 vya kujirudia.