Kura za Watoto Wetu Jeshini na Ndugu Walio Nje: Tuhesabu Siku Kuanzia Sasa



Waliokuwa zamu kazini Jumamosi wameomba watumiwe yaliyosemwa na ofisi ya katibu kikaoni. Haya hapa, kama yalivyosomwa.

Uchaguzi ni Jumanne tarehe 3 Novemba 2026. Wengi wetu hapa Greensboro tarehe hiyo ndiyo tuliyoishika kichwani. Lakini mwenye mtoto jeshini, au mwenye mume aliyekwenda Bukavu kumuuguza mama yake, akingoja Novemba amekwisha chelewa. Kwake yeye, tarehe ya kuangalia iko Septemba.

Sheria ya serikali kuu iko wazi. Tangu mwaka 1986 wanajeshi, wenzi wao, watoto wao waliofikisha umri, na raia wanaoishi nje ya nchi, wana haki ya kupiga kura wakiwa huko huko waliko. Mwaka 2009 Bunge la Marekani likaongeza nguvu: aliyeomba mapema atumiwe karatasi za kura si chini ya siku 45 kabla ya uchaguzi wa kitaifa, na anayetaka kuzipokea kwa mtandao apewe nafasi hiyo. Mwaka huu siku 45 zinaangukia Jumamosi tarehe 19 Septemba. Jimbo letu la North Carolina lina ratiba yake ya siku 60, yaani Ijumaa tarehe 4 Septemba.

Sasa kuna neno moja ambalo watu hulipita. Siku hizo 45 ni za yule ambaye ombi lake limeshafika. Aliyekawia kuomba, ofisi ya uchaguzi ya kaunti haina deni naye tarehe hiyo. Ni kama ankara: kazi umefanya, lakini usipoipeleka hakuna wa kukulipa.

Tena hata aliyeomba mapema anaweza kupunjwa siku. Mnakumbuka 2024. Karatasi zilikuwa zitoke tarehe 6 Septemba. Robert F. Kennedy Jr. alikuwa amejitoa na akataka jina lake liondolewe. Mahakama ya rufaa ikasimamisha utumaji siku ile ile, na tarehe 9 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakubali aondolewe. Karatasi zikabidi zichapwe upya. Za wanajeshi na walio nje zilitoka tarehe 20 Septemba, siku moja tu kabla ya mwisho wa siku 45. Sheria haikuvunjwa, ni kweli. Lakini wiki mbili zilikwenda, na kwa mtu anayengoja bahasha kambini, wiki mbili ni safari nzima ya barua.

Tawi letu nalo halikufanya vizuri, na tunalisema wenyewe kabla hatujasemwa. Orodha ya jamaa walio nje tuliianza Oktoba, baada ya mama mmoja kuuliza kikaoni. Kijana wa mwanachama mwenzetu, aliyekuwa kambini Djibouti, karatasi zake zilimfikia matokeo yameshatangazwa. Aliomba kwa posta, akaandika anwani ya kambi aliyokwisha hama. Hatuwezi kumlaumu. Ni sisi hatukumuuliza mapema.

Na kama kuna anayedhani kura chache za nje hazibadilishi kitu, aangalie kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo, uchaguzi ule ule wa 2024. Zaidi ya kura milioni 5 zilipigwa. Allison Riggs alimshinda Jefferson Griffin kwa kura 734. Kisha kukafuatwa kura za wanajeshi na walio nje, kwa hoja kwamba hawakuambatanisha nakala ya kitambulisho cha picha, ingawa kanuni za bodi ya jimbo hazikuwadai. Kaunti iliyotajwa kwanza kwa hoja hiyo ilikuwa hii yetu ya Guilford. Kesi ilikwenda mpaka tarehe 5 Mei 2025, jaji wa mahakama ya shirikisho alipoamua kwamba masharti hayabadilishwi baada ya watu kupiga kura. Siku mbili baadaye Griffin akakubali kushindwa. Miezi sita watu wetu walikaa hawajui kama kura zao zimo au zimetupwa.

Basi tunaomba hivi. Kila mwenye mtu jeshini au nje amwandikie wiki hii, asingoje wiki ijayo. Fomu inaitwa FPCA. Ndiyo ya kujiandikisha na kuomba kura kwa pamoja. Aliyejaza 2024 ajaze tena, asitegemee ile ya zamani.

Mahali pa makazi aandike nyumba aliyoishi hapa kaunti kabla ya kuondoka, hata kama sasa yuko Ujerumani. Anwani ya barua ndiyo ya kambi. Watu wengi hugeuza hizi mbili, na fomu inakwama. Hata aliyeko Fort Bragg, hapa hapa jimboni, anahesabiwa kama yuko mbali na anaweza kutumia fomu hii.

Pale panapouliza karatasi zije kwa njia gani, achague barua pepe au mtandao. Posta ya Bukavu sote tunaijua. Jimbo letu linaruhusu pia kura ya watu hawa kurudishwa kwa mtandao, kwa hiyo hakuna sababu ya kutegemea stempu. Karatasi zisipofika kwa wakati, iko kura ya akiba inayoitwa FWAB; mtu anaandika mwenyewe majina ya wagombea anaowataka na kuirudisha. Za kweli zikija baadaye, azijaze na kuzirudisha pia.

Jambo la mwisho, na hapa tusione haya kuulizana. Kijana mwenye grini kadi anaweza kuvaa sare ya jeshi la Marekani, lakini hapigi kura mpaka ale kiapo cha uraia. Akijaza fomu hii kabla ya hapo anavunja sheria na anaweza kupoteza hata hiyo kadi. Ukiwa na shaka juu ya mtu wako, usimpe fomu. Njoo kwanza tuzungumze, hatutalitangaza.

Jumamosi ijayo saa nane mchana meza ya fomu itakuwa wazi pale pale tunapokutana. Njoo na jina la mtu wako kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, anwani yake ya mwisho hapa kaunti na barua pepe anayoifungua kweli. Kujaza na kusaini ni kazi yake mwenyewe. Sisi tutamwongoza kwa simu. Tarehe 21 Septemba tutampigia kila aliye kwenye orodha kuuliza kama karatasi zimefika. Ambaye hajapata, asubuhi ile ile tutakwenda naye, au na ndugu yake, ofisi ya uchaguzi ya kaunti.

Katibu wa Tawi