Bao Linalosubiri Ruhusa

Kwenye vibanda vya Mai Mahiu, madereva wa malori wanakopumzika wakitazama mpira, bao siku hizi hushangiliwa mara mbili, au halishangiliwi kabisa. Nakubali VAR, yaani ukaguzi wa video wa maamuzi ya refa, imepunguza dhuluma. Lakini Aprili 5, 2024, mjini Pretoria, Yanga ikicheza na Mamelodi Sundowns, shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba likadunda karibu na mstari wa goli. Picha zikakaguliwa, bao likakataliwa, Sundowns wakasonga mbele kwa penalti. Ubishi ukaisha? Wapi! Basi tumelipia nini, kama si kusubiri? Anayepunjika zaidi ni shabiki wa uwanjani, ambaye mara nyingi hajui hata kinachojadiliwa. Mimi ningeweka kikomo cha sekunde 60: picha zisipoonyesha kosa wazi, uamuzi wa refa ubaki.